Umefika Wapi, Mtoto wa Mama

Grand Prairie, Texas
18 Februari 2024

Kwa Baba Mdogo Shem,

Nakusalimu kwa heshima, nikitumaini magoti yako bado yanakubeba, na kwamba Fiona, mumewe Kibet na mjukuu wako Chebet hawajambo. Sisi huku tu wazima. Baridi ya Januari ilipasua bomba la jirani, letu likasalimika. Fiona aliniambia simu huitaki siku hizi, eti mwenye haja na wewe aandike. Haya, nimeandika. Mara ya mwisho kuandika barua nilikuwa kidato cha pili, nikimwomba baba viatu.

Kazi yangu ni ile ile ya kuhudumia wazee nyumbani kwao. Tangu Oktoba nimepewa mzee mmoja mzungu anayeitwa Sheldon. Ana miaka themanini na moja na mdomo wake haujazeeka. Namwogesha, namkumbusha dawa, nampikia, na yeye ananipigia fidla. Zamani marehemu mkewe ndiye aliyekuwa akimfuata kwa banjo, na tangu mama huyo afariki, banjo ilikuwa imetundikwa ukutani ikila vumbi. Siku moja nikiipangusa nikamwambia, "Mzee, uzi mmoja umekatika, umebaki nusu." Baba Mdogo, alicheka mpaka nikaanza kutafuta dawa yake ya kifua. Kumbe banjo ina nyuzi nne ndefu na mmoja mfupi unaoanzia katikati ya shingo, na hivyo ndivyo ilivyoundwa. Alipomaliza kunicheka akaitungua, akanipa. Alisema fidla peke yake inamchosha moyo.

Basi kazi zikiisha ananifundisha nyimbo za zamani za fidla, mimi nikizifuata kwa banjo. Karatasi hataki kuiona. Anapiga, nasikiliza, nakosea, anapiga tena. Kucha ya kidole cha shahada inashuka juu ya nyuzi, kidole gumba kinadonoa ule uzi mfupi, na ukipata mwendo unasahau miguu yako inauma. Wimbo ninaoujua sasa ni wa nyumbu aliyekataa kuvuka daraja. Hauna maneno, lakini nyumbu unamwona.

Sasa sababu ya kukuandikia. Wiki jana Mzee Sheldon akiwa anakaza nyuzi zake, vidole vyangu vikapiga kitu ambacho hakunifundisha. Kilikuwa kile cha baba. Kile alichokuwa akipiga kwa shiriri yake ya uzi mmoja, jioni, akitoka kazini kule Eldoret. Nililia mbele ya mgonjwa wangu, na hiyo kitu hairuhusiwi kazini. Lakini ninao upande mmoja tu. Nyimbo za Sheldon zina pande mbili, wa chini na wa juu, na wimbo usio na upande wa pili anasema haujaisha. Wewe ulikua na baba, na watu wa nyumbani husema zamani shiriri ulimzidi. Baba Mdogo, upande wa pili wa wimbo wa baba ukoje? Nakuomba.

Wako mpendwa,
Celestine


Missouri City, Texas
9 Machi 2024

Mwanangu Celestine,

Bwana asifiwe. Barua yako ilifika Jumanne, nimeisoma na kuisahihisha, na ninairudisha pamoja na hii. Umepata thelathini na moja kwa arobaini. Umepoteza alama kwa "hiyo kitu". Kitu ni hicho, mwanangu, hata ukiwa Marekani. Mwalimu hastaafu.

Fiona anafanya kazi usiku kwenye hospitali zao za mjini, anarudi asubuhi tukitoka kwenye maombi. Kibet ni mzima. Chebet ana miaka minane na Kiswahili anakikwepa kama maziwa yaliyochacha. Namuuliza amekula nini shuleni, anaongea Kiingereza kirefu akiangalia dirishani, nami naitikia kwa kichwa. Juzi akaniambia usoni, "Babu, you never listen." Nimepanda sukuma wiki nyuma ya nyumba. Udongo wa huku ni mweusi na mkaidi, lakini tunaelewana.

Kuhusu shiriri, aliyekwambia nilimzidi baba yako ni mwongo, ingawa ni mwongo mwenye macho. Mambo hayo niliyaacha mwaka wa 1986 nilipookoka. Yalikuwa mambo ya vilabu vya pombe ya busaa. Upande wa pili siujui tena. Jifunze hizo za mzungu wako, hazina madhara.

Usinipigie simu. Simu za siku hizi zinanong'ona.

Wako katika Bwana,
Shem


Grand Prairie
7 Aprili 2024

Kwa Baba Mdogo,

Salamu za baada ya Pasaka. Tuliabudu na ndugu zetu Wakongo, maana kanisani kwetu wao ndio wengi, na ibada iliyoanza saa nne iliisha saa tisa. Jirani yangu Bibiche, anayefanya kazi ya kufunga mizigo kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege, ndiye kiongozi wa kwaya ya akina mama. Anakusalimu ingawa hakujui. Ona, leo nimeandika "kitu hicho" mara tatu kichwani kabla ya kushika kalamu.

Nakushukuru kwa jibu, ila sijaridhika. Mtu hasahau wimbo. Mzee Sheldon husahau kama amekula, lakini mpe jina la wimbo wowote, mkono unaondoka wenyewe. Na jambo lingine. Juzi nilikuwa nje mlangoni napiga upande wa baba, Bibiche akatoka na mtoto mgongoni akasimama. Akaniuliza, "Dada Celestine, hii iko inasema nini?" Nikamwambia haisemi kitu, ni sauti tu. Akasema, "Non, non. Hii iko inauliza mutu. Sikiliza muzuri." Tangu siku hiyo sijatulia. Je, inauliza? Inamuuliza nani?

Ninao wa baba mpaka mahali fulani, halafu kuna shimo. Mzee Sheldon ameniambia niliazimie upande wa juu wa ule wa nyumbu, na kweli unaingia, lakini nikiupiga nahisi nimemvalisha baba koti la mtu mwingine.

Nimemtumia Fiona sauti yangu kwenye simu yake leo. Akuwekee sikioni. Usikie tu, hata kama hutaki kujibu. Pengine ukisikia utakumbuka.

Mwanao,
Celestine


Missouri City
2 Juni 2024

Mwanangu Celestine,

Bwana asifiwe. Nisamehe kuchelewa, nilikuwa na shamba. Sote tu wazima. Kibet amenunua mashine ya kukata nyasi inayopandwa kama pikipiki.

Fiona aliniwekea sauti yako. Chebet alifurahi sana, alicheza sebuleni. Umejitahidi. Banjo imetulia, na wimbo ni ule ule wa Elkana, hukukosea popote. Baba yako angefurahi.

Upande wa pili sina. Tusizungumzie tena.

Shem


Grand Prairie
16 Juni 2024

Baba Mdogo,

Natumaini mko salama. Huku tuko salama.

Leo Wamarekani wanaadhimisha siku ya akina baba. Kanisani wamewapa wanaume soksi. Nimerudi nyumbani nikafungua simu nisikilize ile sauti niliyokutumia mwezi wa nne, ili nijifariji kwamba sikukosea popote, kama ulivyosema.

Haikuwa banjo. Nilikosea kubonyeza. Nilichomtumia Fiona ni mazoezi ya kwaya ya Bibiche, akina mama kumi na wanne, ngoma mbili na vigelegele. Chebet alicheza, ndiyo, nani asingecheza? Na wewe ukaniandikia kwamba banjo imetulia, wimbo ni ule ule wa Elkana.

Hukusikiliza hata kidogo. Nimekuheshimu maisha yangu yote, Baba Mdogo, kwa hiyo nitasema hili kwa heshima, lakini nitalisema. Ulinidanganya kama mtu anavyomdanganya mtoto mdogo ili aende kucheza.

Unajua baba alizikwa lini. Ndege zilikuwa zimesimama kwa sababu ya korona, na mimi nilimzika kwenye simu, nimekaa ndani ya gari kwenye maegesho ya kazini, mtandao ukikatika kila jeneza likisogea. Walipiga ngoma za isukuti. Walihubiri kwa muda wa saa mbili. Hakuna aliyepiga shiriri. Baadaye nikaambiwa yake ilishaliwa na mchwa darini. Sina shati lake, sina kofia yake. Nina nusu ya wimbo, na anayejua nusu nyingine duniani ni wewe peke yako, na wewe unaniambia tusizungumze.

Nikwambie ninachokumbuka. Alikuwa akipiga ule upande, halafu ananyamaza. Upinde unakaa hewani. Anagonga mguu, mara kumi na sita, nilikuwa nahesabu, ndivyo nilivyojifunza kuhesabu. Halafu anaanza tena pale pale mwanzo. Kila mara. Mama alikuwa akimtania kwamba amesahau, na yeye hakubishana. Hata mimi niliamini amesahau. Na sasa naona nitasahau na mimi, maana huku kila kitu kinakufunika, kazi, barabara, bili, na siku moja nitafungua mdomo nisimkumbuke hata sauti.

Usisahihishe barua hii.

Celestine


Missouri City
25 Agosti 2024

Mwanangu Celestine,

Bwana asifiwe, ambaye amenipa kalamu na muda wa kuona aibu. Kimbunga cha Julai kilitupitia. Mti wa jirani ulilala juu ya ua wetu, umeme ukapotea siku sita. Fiona alibaki hospitalini siku mbili, Kibet akatupikia nje kwa gesi, yeye ambaye kwao Kapsabet hakuwahi kupika ila chai. Tumepona. Sukuma wiki haikupona.

Barua yako ya Juni ninayo. Sijaitia wino mwekundu. Haina kosa.

Siku ya tatu bila umeme Fiona alirudi, akakaa nami mezani akasema, "Daddy, kumetulia. Hata fridge haisikiki." Nilisoma midomo yake. Kwangu hakuna kilichobadilika, mwanangu. Ndipo nilipomwambia kwamba sisikii. Lilianza sikio la kushoto miaka miwili iliyopita, na la kulia limebaki kusikia milango inayobamizwa. Fiona alilia, halafu akanifokea, kwamba yeye ni nesi, ameishi nami nyumba moja na sijamwambia. Nilijificha vizuri. Nimefundisha miaka thelathini na tano, najua jinsi mtoto asiyesikia anavyofanya darasani. Anaitikia kwa kichwa, na wenzake wakicheka na yeye anacheka. Uliponitumia sauti yako, nilimwona Chebet akicheza, nikajua ni muziki. Mengine nikayabuni. Nisamehe. Wamenipa vifaa vya masikioni, vinaleta maneno kidogo, lakini muziki vinauleta kama mvua juu ya mabati.

Sasa kuhusu upande wa pili. Nimeandika ukurasa huu mara tano.

Elkana hakusahau kitu. Upande wa pili haukuwa wake. Ulikuwa wangu.

Tulikuwa na shiriri mbili, na wimbo ule tuliutunga sisi, yeye ana miaka kumi na minane, mimi kumi na mitano. Mimi nilikuwa nasoma ng'ambo ya mto na mara nyingi narudi kumeshaingia giza. Yeye alikuwa anakaa nje ananingoja, anauliza kwa shiriri, na tukiwa pamoja mimi najibu. Wimbo una maneno, ila baba yako hakupenda kuimba, na wewe mama yako ni Mkamba, Kiisukha chetu hukukinyonya. Yeye alikuwa anasema, umefika wapi, mtoto wa mama, umefika wapi, chakula kinapoa. Mimi ninajibu, nimefika mtoni, niwekee, nimefika mtoni, usile peke yako. Huyo mama Mkongo ana masikio. Ni kweli inauliza mtu.

Mwaka wa 1986 kulikuwa na mkutano wa injili kwenye uwanja wa shule. Mhubiri alisema kila mmoja alete alichomtumikia nacho shetani. Wengine walileta mitungi, wengine hirizi. Mimi nilileta shiriri yangu, nikaiweka motoni kwa mkono huu ninaokuandikia. Ngozi ya kenge iliyowambwa juu yake haiungui upesi, Celestine. Inajikunja kwanza. Elkana alikuwa amesimama nyuma ya watu. Alinisubiri tu, tukatembea pamoja mpaka nyumbani.

Desemba ile mlipokuja likizo, alikaa nje ya nyumba yake akapiga upande wake. Akanyamaza. Akagonga mguu. Akapiga tena. Mimi nilikuwa nyumba ya pili, na wakati huo nilikuwa nasikia vizuri. Alifanya hivyo kila Desemba mpaka nilipopanda ndege kuja kumlea Chebet. Tulikula pamoja, tuliwazika wazazi wetu pamoja, hatukuwahi kukosana hata siku moja, na hakuniuliza kwa mdomo hata mara moja. Aliuliza kwa shiriri tu. Na mimi sikujibu. Nilijiambia ni wokovu. Baadaye hata kanisani kwetu waliingiza magitaa, na bado sikujibu, maana wakati huo ilikuwa imeshakuwa aibu, na aibu ya mzee ni nzito kuinua. Nilisema nitajibu Desemba nyingine. Ninamkosa ndugu yangu, Celestine. Ninamkosa mpaka mchana nageuza shingo nikidhani ameniita.

Siwezi kukuandikia upande wangu kwenye karatasi. Siwezi kuuimba, nisichokisikia siwezi kukinyoosha. Lakini mkono upo, nimeujaribu kwenye mpini wa jembe. Na shiriri huishikilii kwa sikio. Unaikandamiza tumboni, na sauti inapita mbavuni. Mbavu zangu hazijaziba. Muulize mzee wako kama ana fidla asiyoijali sana, aniazime. Atoe nyuzi tatu, aniachie mmoja. Mimi najua mmoja tu.

Na ule upande ulioazima wa nyumbu, utoe. Usiijaze nafasi ile. Njoo mapema, mkono nao una miaka sabini na mitatu.

Baba yako mdogo,
Shem

Usihesabu makosa, nimefuta mengi.


Grand Prairie
8 Septemba 2024

Kwa Baba Mdogo wangu,

Nakusalimu, pamoja na masikio yako. Mwambie Fiona asikufokee tena, zamu ni yangu, na mimi nimekusamehe kabla sijafika mwisho wa ukurasa. Na wewe unisamehe ukali wa Juni. Sikujua nilikuwa nampigia kelele mtu asiyesikia.

Nimesoma barua yako mara nne. Mara ya kwanza nilikaa chini sakafuni jikoni. Miaka yote ile nilidhani baba alikuwa amesahau, nikamwonea huruma, mimi mtoto, na yeye alikuwa ameinua upinde akingoja mtu. Nikahesabu kumi na sita mpaka nikajifunza hesabu kwa kungojea kwake. Natamani ungejibu, Baba Mdogo. Naliandika hili bila hasira. Natamani hata Desemba moja tu ungetoka mlangoni.

Bibiche nilimweleza maneno yenyewe. Alishika kiuno akasema, "Nilikuambia. Ile haikuwa sauti ya bure." Sasa anajisifu kanisa zima.

Mzee Sheldon nilimsomea barua yako, nikiigeuza kwa Kiingereza polepole, naye akaiweka fidla yake magotini, akasikiliza mpaka mwisho. Mkewe alikuwa na mahali pake kwenye kila wimbo, akaniambia, na tangu amefariki yeye huzipita sehemu hizo haraka ili asizisikie. Halafu akaniambia nivute sanduku chini ya kitanda. Kuna fidla ya zamani humo, ya babake, ina ufa ubavuni uliogundishwa. Alitoa nyuzi tatu mwenyewe, akazikunja akazitia kwenye bahasha na kuandika juu yake jina lako. Anasema ukichoka na mmoja, zingine zipo. Nimemwonya kwamba utaishika tumboni. Akasema kwa umri wako una haki ya kuishika popote.

Upande wa nyumbu nimeutoa. Nafasi iko wazi kama ilivyokuwa.

Ninakuja Jumamosi ya tarehe 28. Nitaondoka alfajiri, na Mungu akipenda saa sita mchana niko kwenu. Mwambie Fiona asihangaike kupika, nitabeba ugali wa mtama na kuku, ila kusiwe na mtu wa kula kabla sijafika. Chebet tutamweka katikati yetu, asikie kwa niaba yako na akwambie kwa Kiswahili.

Nimeshafanya mazoezi jinsi itakavyokuwa. Nitakaa mbele yako ili unione. Vidole vyangu utaviona vikishuka kwenye nyuzi, na huo ndio upande wa baba, anakuuliza wewe kupitia kwangu. Kisha vitasimama. Macho yako yashushe kwenye mguu wangu wa kulia. Hutausikia, lakini utauona. Mguu ukianza kugonga, ni zamu yako.

Usipojibu mara ya kwanza, nitarudia. Baba alirudia miaka thelathini. Mimi nina Jumamosi nzima.

Mwanao,
Celestine